Jinsi Tulivyofarikiana: Kumbukumbu za Mwanachama wa Kansanga

Mtu aliyepita Kansanga kabla ya mwaka 2005 asingeona bendera ya chama cha upinzani ikipepea hadharani, kwani tangu jeshi la NRA la Museveni lilipoingia Kampala mwezi wa Januari 1986 vyama vilikuwa vimeachiwa majina tu, bila ya ruhusa ya kufanya mikutano ya hadhara wala kusimamisha wagombea, na vijana waliozaliwa mtaani petu, kando ya barabara ile inayotoka mjini ikapita Kabalagala na kuishia Ggaba mwambaoni mwa ziwa, walikua wakidhani kwamba siasa ni shughuli ya serikali peke yake. Kura ya maoni ya tarehe 28 Julai 2005 ndiyo iliyorudisha mfumo wa vyama vingi, na mimi, niliyekuwa mwalimu na mwenye hati nzuri ya mkono, nikachaguliwa kuwa katibu wa tawi la FDC. Chama hicho kilikuwa kimeundwa miezi michache tu nyuma, mwishoni mwa 2004, kwa kuunganisha kundi la Reform Agenda lililomfuata Dokta Kizza Besigye aliyekuwa uhamishoni, wabunge wa PAFO waliopinga kuondolewa kikomo cha vipindi vya urais, na kundi dogo la National Democratic Forum. Hivyo basi tangu kuzaliwa kwake kilikuwa ni nyumba ya watu wenye asili mbalimbali waliokubaliana juu ya jambo moja la kukataa, nayo mengine wakayaahirisha.

Tulikutania uani kwa Hajjat mmoja aliyeuza samaki, juu ya mabao yaliyokuwa yakinuka sangara hata yakioshwa kwa sabuni, nami nikiandika katika kaunta buku lenye jalada gumu majina ya waliohudhuria na mchango wa kila mmoja, ambao aghalabu ulikuwa shilingi mia tano. Mwenyekiti wetu alikuwa mzee mtulivu, fundi cherehani, aliyeishi zama za Obote na za Amin na aliyeamini kwamba hakuna utawala usiosema na wapinzani wake mwishowe. Na msemaji wa vijana alikuwa dereva wa bodaboda, hodari wa maneno, aliyeamini kinyume chake.

Hitilafu ya kwanza niliyoiandika ilitokea mwaka 2006. Katika uchaguzi wa Februari mwaka huo Besigye alitangazwa kupata asilimia 37 na Rais Museveni asilimia 59, na shauri lilipofikishwa Mahakama ya Juu majaji wakakiri kwamba sheria ilivunjwa, lakini wanne kati ya saba wakaamua kwamba makosa hayo hayakutosha kubatilisha matokeo. Yule kijana akasimama akauliza inakuwaje wabunge wetu 37 waende kuapa katika Bunge lililotokana na uchaguzi tunaosema uliharibiwa. Hajjat akamjibu, huku akipangusa kisu chake, "Mwanangu, tumewatuma wakaseme, wakiketi nyumbani nani atasema?" Mwenyekiti akaongeza kwamba mtu huchukua haki yake kidogo kidogo kwa kadiri anavyoipata, kijana akasema kwamba haki ikigawanywa vipande hugeuka sadaka, na mabishano yakaendelea hata adhana ya magharibi. Kisha ikaletwa chai, na waliobishana wakanywa kwa birika moja. Nalitaja hili kwa sababu katika miaka ile ya mwanzo hapana aliyemuuliza mwenziwe ametumwa na nani: tulihitilafiana kwa rai, na rai ya mtu ilikuwa ni yake.

Mambo yalianza kugeuka baada ya uchaguzi wa 2011, ambapo hisabu ya Besigye ilishuka hata asilimia 26. Mwezi wa Aprili, bei ya vyakula na petroli ilipopanda, yakaanza yale maandamano ya kwenda kazini kwa miguu, na baadhi yetu tukashuka kwa miguu kutoka Kansanga hadi mjini ijapokuwa tulikuwa na nauli mfukoni. Na tarehe 28 mwezi huo picha za Besigye akinyunyiziwa dawa ya pilipili machoni zikaenea duniani kote. Kuanzia siku hizo chama kikawa na njia mbili zilizoonekana wazi. Kulikuwa na njia ya ukaidi, yaani kuunyima utawala utii hata ushindwe kutawala, na kulikuwa na njia ya Jenerali Mugisha Muntu, aliyepata kuwa mkuu wa majeshi, ambaye alishika kwamba chama kisicho na matawi imara vijijini hakiwezi kushinda wala kuulinda ushindi, na kwamba kwa hiyo inafaa subira, mpango, na kusema na kila mtu. Besigye alipojiuzulu uongozi kabla ya wakati wake, Novemba 2012 Muntu akachaguliwa kwa kura 393 dhidi ya 361 za Nathan Nandala Mafabi. Na Mafabi hakuridhika, akalalamika juu ya namna wajumbe walivyopatikana. Tofauti ya kura 32 ilitosha kumpa mtu kiti, illa haikutosha kumpa nusu ya pili ya chama.

Nataka niwe na insafu kwa pande zote mbili, maana kila upande ulikuwa na hoja. Watu wa ukaidi walikuwa wameona kwa macho yao jinsi maridhiano yalivyowameza wapinzani: Beti Kamya, aliyekuwa miongoni mwa wasemaji wetu hodari, alijitoa akaunda chama chake, na baada ya uchaguzi wa 2016 akawa waziri wa Kampala, na baadaye Anita Among, aliyekuwa FDC, akahamia chama tawala cha NRM hata akawa Spika wa Bunge mwaka 2022. Lakini watu wa subira nao walikuwa wameona jinsi vijana wa mtaani walivyokamatwa na kusahauliwa gerezani, ilhali chama hakina hata fedha ya kumlipa wakili. Tena waliona kwamba hata wale waliohubiri ukaidi hawakukataa viti vya Bunge. Mwaka 2016 jambo hili lilidhihirika kuliko wakati wowote. Kansanga na mitaa yote ya Makindye Mashariki ilimpeleka Ibrahim Kasozi Bungeni kwa tiketi ya FDC, naye akaapishwa; na mwezi huo huo wa Mei Besigye akajiapisha kuwa rais, akakamatwa na kushitakiwa kwa uhaini. Mwenyekiti wetu aliuliza kwa upole ni kipi kati ya viapo hivyo viwili tunachokifuata, na kwa mara ya kwanza hakujibiwa kwa hoja. Alijibiwa kwamba ni mtu wa serikali.

Tangu siku ile kaunta buku langu lina maneno ambayo sikuyaandika kwa furaha. Wafuasi wa Muntu wakaitwa majasusi na wafuasi wa ukaidi wakaitwa wahuni, na Novemba 2017 mkutano mkuu wa chama ulipomchagua Patrick Oboi Amuriat kwa kura 641 dhidi ya 463 za Muntu, watu wa mtaani walisherehekea kana kwamba wameushinda utawala, hali walikuwa wamewashinda ndugu zao. Mwaka uliofuata Winnie Kiiza akaondolewa katika kiti cha Kiongozi wa Upinzani Bungeni, na Septemba Muntu akaondoka, baadaye akaunda chama cha ANT. Uani kwa Hajjat hakuondoka mtu kwa kishindo: mwenyekiti alikosa kikao kimoja kwa udhuru, kisha cha pili bila ya udhuru, na nilipomwendea dukani kwake akaniambia, akiwa ameinamia cherehani, "Mwalimu, mimi naweza kushindwa kwa kura, siwezi kukaa na watu wanaonitazama mikononi kama niliyeiba."

Uchaguzi wa Januari 2021 ulitukuta wepesi. Rangi nyekundu ya chama cha NUP na ya kiongozi wake Bobi Wine ilikuwa imeenea tangu Nsambya hata Ggaba, kiti cha Makindye Mashariki kikachukuliwa na Derrick Nyeko wa chama hicho, na Amuriat, aliyezunguka nchi nzima miguu mitupu, akapata asilimia tatu na kitu. Kisha Julai 2023 Besigye, pamoja na Meya Erias Lukwago na mbunge Ibrahim Ssemujju Nganda, wakawatuhumu Amuriat na Mafabi kwamba walipokea kutoka Ikulu fedha za uchaguzi ule, nao wakakana. Makao makuu ya Najjanankumbi yakaingia vurugu, na kabla ya mwaka kwisha kulikuwa na mikutano miwili na viongozi wawili: Lukwago aliyeteuliwa kukaimu katika ofisi ya Barabara ya Katonga, na Amuriat aliyechaguliwa tena na upande wake. Sisi tuliobaki tulikutana mara moja tu juu ya jambo hili. Kijana wa bodaboda, ambaye sasa alikuwa na mvi, alitaka kaunta buku lisomwe jina kwa jina na kila mtu aseme yuko upande gani na amepokea nini. Hajjat akalichukua mikononi mwangu akalifunga, akasema, "Humu mna walichotoa. Walichopokea hamna."

Nimepata kufuatilia kwa makini mambo ya Zanzibar, ambako chama cha upinzani cha CUF kilitia saini muafaka na chama tawala cha CCM mwaka 1999 na tena 2001, na baada ya kura ya maoni ya 2010 kikaingia katika serikali ya umoja wa kitaifa. Na huko pia walikuwako waliomlaumu kiongozi wa CUF, Maalim Seif, kwa kukubali. Lakini pale muafaka uliandikwa, ukasomwa, na kila mwenye kulaumu alijua analaumu kifungu gani. Kwetu suluhu haikuwekwa mezani hata siku moja kwa sharti zake na mipaka yake, ikajadiliwa na kupigiwa kura. Iliishi katika minong'ono, na jambo la minong'ono halina jawabu illa tuhuma. Ndiyo sababu naona kwamba kilichotufarikisha si kukubali suluhu wala kuikataa, bali ni kule kuacha kuijadili suluhu yenyewe na kuanza kuzipima nia za watu, ambazo hapana mkutano mkuu uwezao kuzihisabu.

Uchaguzi wa Januari 2026 ulipofika, karatasi ya kura ilikuwa na Mafabi kwa jina la FDC, na Muntu kwa jina la ANT, na Mubarak Munyagwa, aliyepata kuwa mbunge wetu wa Kawempe, kwa jina la chama kingine kabisa. Naye Besigye, aliyenyakuliwa Nairobi Novemba 2024 na kuletwa mbele ya mahakama ya kijeshi, alikuwa katika gereza la Luzira akikabiliwa na shitaka la uhaini. Hajjat, mwenyekiti wa zamani, kijana wa bodaboda na mimi tulikwenda kupiga kura kituo kimoja, asubuhi moja, na ninavyojua hatukumchagua mtu mmoja.