Mashine za Ziwani, Mlimani Kisii

Wageni hucheka wakisikia kwamba fundi wa mashine za boti ana kibanda Daraja Mbili. Maji tuliyo nayo hapa ni mvua ya alasiri na matope yake. Lakini soko letu la Jumatatu na Alhamisi limefungwa na ziwa kwa kamba ya omena. Akina mama wanaowapima kwa gorogoro huwaleta kutoka pande za Kendu Bay na Homa Bay, na gari linalopandisha magunia halikosi pembe ya kulaza mashine iliyokufa.

Nilianzia kwenye mashine za posho na misumeno ya kukata miti, chini ya mjomba wangu. Mashine ya kwanza ya boti nililetewa na mama mmoja wa omena. Ilikuwa Yamaha ya nguvu za farasi 15. Mwenye boti alikuwa na deni lake, na deni la mvuvi asiye na mashine halilipiki. "Fundi," akaniambia, "hii nayo inakunywa petroli yenye oili kama huo msumeno wako. Ifungue." Hakukosea. Zote mbili ni tustroki, na aliyeosha kabureta ya msumeno hawezi kuiogopa ya boti.

Tangu hapo mwaka wangu umekuwa na miezi miwili mikubwa, Aprili na Julai. Upande wa Kenya uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili samaki wazaane. Vitabu vya mashine hizi vina kurasa za kuhifadhi injini wakati wa baridi, zilizoandikiwa watu wa nchi za theluji, ambako maji yaliyosahaulika ndani huganda, yakapanuka na kupasua chuma. Ziwa letu haligandi. Hata hivyo kurasa hizo ndizo nilizozichafua zaidi kwa grisi, maana theluji ukiiweka kando, kulala miezi minne ni kulala miezi minne.

Msimu mzuri wa Agosti hutengenezwa Aprili. Hilo nimelisema mpaka wateja wamelichoka. Mashine iwashwe ndani ya pipa la maji safi, mpira wa petroli uchomolewe, iachwe ingurume hadi ijizime yenyewe kwa njaa, ili kabureta ibaki kavu. Plagi zitolewe, kila silinda itiwe oili kidogo, kamba ivutwe polepole ili oili ipake kuta zote. Kisha isimamishwe wima. Anayeilaza kichwa kikiwa chini ya mguu anayaruhusu maji yaliyobaki kwenye njia ya moshi yateremke hadi kwenye pistoni, na kutu haingoji ruhusa.

Wengi huilaza. Siwalaumu sana. Wezi wa mashine ziwani ni wengi, na kitu cha laki kadhaa mtu hukificha chini ya kitanda chake, na chini ya kitanda hakisimami. Mzee mmoja wa Kendu Bay aliniletea ya kwake mwezi wa Julai ikiwa imeshikana, kamba haivutiki.

"Fundi, haijafanya kazi tangu Aprili. Itaharibikaje?"

"Ndicho kilichoiharibu, jaduong'."

Hakupenda jibu hilo, ila aliketi kwenye kopo la rangi akatazama. Petroli ilikuwa imeruka yote ndani ya kabureta, ikaacha gundi ya kahawia iliyoziba jeti. Jeti haichokonolewi kwa waya. Tundu lake likipanuka kiasi cha unywele, mashine itakunywa mafuta bila adabu. Huloweshwa, hupulizwa kwa upepo, kisha huangaliwa kwenye mwanga. Baadaye nikafungua skrubu ya chini ya giaboksi. Oili nzima hutoka nyeusi au ya dhahabu. Hii ilitoka kama chai ya maziwa, dalili kwamba sili ya shafti ya propela imekatika na maji yameingia. Mara nyingi mkataji ni uzi wa nyavu uliojizungusha hapo bila mtu kuuona. Wakati wa gugumaji ndiyo usiseme. Na mwaka 2020, ziwa lilipofurika likameza fuo na vibanda vya wavuvi, niliosha matope ndani ya injini ambazo hazikuwa hata zimefungwa kwenye boti.

Impela, ile raba inayosukuma maji ya kupoza, mimi huibadilisha bila kuuliza. Mabawa yake yakilala upande mmoja miezi minne hayainuki tena vizuri. Mashine ikishawaka kwenye pipa, jicho langu huwa kwenye mkojo wake, kile kijimkondo cha maji kinachotoka pembeni. Usipouona, zima.

Ila Kisii haimalizi kazi. Mji wetu uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko 1,134. Hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo mashine huonekana inakunywa petroli kupita kiasi, na fundi mwenye pupa huibana skrubu. Ikifika ziwani, hewa nzito, petroli haitoshi tena. Na kwa kuwa oili husafiri ndani ya petroli hiyohiyo, pistoni hupata joto na kiu kwa pamoja. Mimi huiacha ikitoa moshi kidogo, halafu mwisho wa Julai nashuka kupitia Oyugis na mfuko wa spana. Nakagua kibao cha nyuma kama kimeoza, nafunga mashine, nachanganya mwenyewe oili mililita 400 kwa petroli lita 20, yaani 1 kwa 50, kisha naitega ikiwa majini.

Malipo nayo yana msimu wake. Omena huvuliwa kwa taa, na mwezi uking'aa taa haziwavuti. Mwaka 2023 tarehe mosi Agosti iliangukia usiku wa mwezi mpevu. Mashine zilikuwa tayari zote, zinakojoa vizuri, na wenyewe wameketi ufuoni. Mzee wa Kendu Bay alinipa nusu. Ile nusu nyingine akanionyesha kwa kidole juu angani: "Fundi, huyo akipungua, nipigie simu."