Uwanja nyuma ya nyumba, Goba

Ukipanda daladala Mbezi Mwisho kwenda Goba, jijini Dar es Salaam, barabara ya lami inapanda kilima, inashuka bondeni, kisha inapanda tena. Pembeni kuna maduka ya vifaa vya ujenzi, mafundi wa kuchomelea mageti na matofali yanayosubiri wateja. Ukiiacha lami na kushika njia ya vumbi, unaliona tatizo la wazazi wengi wa huku. Nyumba zimejaa, kuta za uzio zimepanda, na watoto wamebakiwa na barabara tu ya kuchezea.

Katika njia moja kama hiyo, mwaka jana binti wa miaka 11 aligongwa na bodaboda akifukuza mpira. Alivunjika mkono. Mkono ulipona, lakini baba yake alipiga marufuku kucheza nje ya geti.

Miezi minne baadaye, mama ndiye aliyeona kilichofuata. Binti akitoka shule alikaa kwenye kochi na simu mpaka chakula cha usiku.

“Baba, tumemkinga na pikipiki, halafu tumemfungia ndani,” alimwambia mumewe.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku za shughuli zinazomfanya ahemee juu na kutoka jasho. Mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 kwa wiki. Katika nyumba hii hakuna aliyekuwa akifikisha, baba mwenyewe akiwemo.

Ndipo likaja wazo la kujenga kiwanja kidogo cha mpira wa kikapu nyuma ya nyumba. Kikwazo cha kwanza kilikuwa bibi, mama mzazi wa baba. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mwembe wake na matuta yake ya mchicha.

“Mwanangu, zege haliliwi,” alisema.

Walikaa jioni mbili wakizungumza. Mwishowe mwembe ukabaki, mchicha ukahamia kwenye viroba vya udongo kando ya ukuta, na kiwanja kikapunguzwa kuwa mita 9 kwa 8. Ni kidogo ukilinganisha na nusu uwanja wa mchezo wa watu watatu kwa watatu, ambao una upana wa mita 15 na urefu wa mita 11. Kwa familia moja kinatosha, kwa sababu mstari wa mtupo huru uko mita 4.6 tu kutoka kwenye ubao.

Siku fundi alipokuja kupiga kamba, hodi ilisikika getini. Alikuwa jirani wa nyumba ya chini.

“Karibu, jirani.”

“Nimekaribia. Shida yangu ni moja. Huo udongo ndio unaokunywa maji ya mvua. Mkiufunika kwa zege, maji yatanikuta sebuleni.”

Jirani hakukosea. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya mita za mraba 72, huleta lita 3,600 za maji, na Goba maji hayakai, yanateremka. Kazi ilisimama kwa wiki moja. Baba aliongeza fedha ambazo hakuzipanga, likachimbwa shimo refu upande wa chini, likajazwa mawe na kokoto ili maji yaingie humo na kunywea taratibu ardhini.

Baada ya hapo fundi alishindilia kifusi, akapanga mawe, akatandika nondo nyembamba na kumwaga jamvi la sentimita 10. Kila mita moja aliishusha kwa sentimita moja kuelekea kwenye shimo. Kiwanja kilicholala sawa kabisa hutuamisha maji, na maji yaliyotuama ni mazalia ya mbu. Zege lilimwagiwa maji asubuhi na jioni kwa siku saba ili lisipasuke. Binti ndiye aliyepewa ndoo.

Nguzo ya goli ilisimikwa nje ya jamvi na kufungwa godoro kuukuu, ili anayekimbia asijigonge. Goli la watu wazima huwa na kimo cha mita 3.05, lakini kwa watoto wa hadi miaka 12 ni mita 2.60. Fundi alitoboa matundu kwenye nguzo ili goli lipandishwe binti akikua. Lililo juu mno humfanya mtoto arushe kwa kujipinda mgongo, na akikosa kila mara hukata tamaa.

Siku ya 28 walianza kucheza. Sasa saa 11 jioni, jua likipungua, watoto wa jirani wa chini huingia na chupa zao za maji. Viatu vya raba ni lazima, maana zege halina huruma kwa magoti na vifundo vya miguu. Baba alipojaribu siku ya kwanza alikaa chini baada ya dakika sita. Bibi huweka kiti chini ya mwembe na kuhesabu mipira inayoingia, na adhana ya magharibi ikisikika, mchezo unakwisha.

Masika yalipofika, mvua kubwa ya kwanza ilinyesha usiku. Baba alitoka na tochi, akasimama kwenye ukingo wa jamvi akiangalia maji yakiteremka na kupotelea kwenye mawe. Upande wa pili wa ukuta aliona mwanga mwingine.

“Jirani, vipi huko?”

“Huku kukavu. Kalale.”

Asubuhi binti alifagia majani ya mwembe, akaanza kurusha.