Mitungi ya High Springs

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa najaza mitungi ya wapiga mbizi karibu na High Springs, mji mdogo wa Florida uliozungukwa na chemchemi zenye mapango marefu chini ya maji. Ndio wakati watu walipoanza kuachana na hewa tupu, na mabishano yalikuwa makali. NOAA, shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia bahari na hali ya hewa, lilikwisha kuchapisha tangu miaka ya 1970 utaratibu wa kupumua naitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni mpaka asilimia 32. Dick Rutkowski, aliyewahi kufanya kazi huko, alianza kuwafundisha raia mwaka 1985. Hata hivyo wakubwa wengi wa biashara hii waliipinga hadharani, na wapo walioiita gesi ya uchawi.

Uchawi haukuwapo. Naitrojeni iliyomo hewani hulevya kadiri unavyoshuka. Ukipita mita 30 akili huanza kuwa nzito, na kwenye mita 60 mtu mzima anaweza kuitazama geji yake asielewe inasema nini. Oksijeni nayo, inayotupa uhai huku juu, huko chini hugeuka sumu. Presha yake ikizidi 1.6 bar inaweza kumtia mtu degedege, na degedege ndani ya maji ni kifo. Kwa hiyo anayekwenda kina kirefu huzipunguza zote mbili, nafasi yake akaweka heliamu, ambayo hailevyi. Timu ya Bill Stone ilifanya hivyo mwaka 1987 katika pango la Wakulla, zaidi ya mita 80 chini.

Shida ilikuwa kuzipata gesi zenyewe. Oksijeni ya hospitali ilitaka cheti cha daktari. Ya kuchomelea vyuma ilitoka kwenye hewa ileile iliyopoozwa ikawa kimiminika na kutenganishwa, lakini muuzaji akisikia ni ya kupumua alifunga daftari kwa kuogopa kesi. Mwenye duka letu, mzee aliyewahi kuwa mchomeleaji, aliinunua kwa jina la karakana yake. Heliamu ilikuwa ghali hata wakati ule, ingawa Marekani ilikuwa na akiba kubwa karibu na Amarillo, Texas. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One walipotangaza kwamba ipo bonde la Rukwa, kwetu Tanzania, niliisoma habari ile kwa furaha ambayo jirani zangu hawakuielewa.

Tulichanganya kwa kufuata presha, gesi moja baada ya nyingine. Tuseme mteja anataka oksijeni asilimia 18 na heliamu 45, mtungi ujae 200 bar. Unaanza na mtungi mtupu, unaingiza heliamu 90 bar, oksijeni 16, kisha hewa ya kompresa mpaka 200. Hesabu ni nyepesi, kazi iko mkononi. Ukijaza haraka mtungi unapata joto na geji inakudanganya. Ukishapoa unakuta presha imeshuka na mchanganyiko si ule ulioukusudia. Oksijeni ndiyo haitaki haraka kabisa. Koki ikifunguliwa ghafla, gesi hujibana kwenye mpira na kupata joto kali, na penye tone la mafuta inawaka. Niliona mpira ukiwaka hivyo katika duka jingine: mlio mmoja, mwanga mweupe, na kijana wa watu akabaki bila nyusi. Mzee wetu hakuruhusu grisi ya kawaida ifike karibu na koki za oksijeni, na hewa ya kompresa aliipitisha kwenye chujio la pili.

Kuna Jumamosi moja sitaisahau. Alikuja mteja na mitungi pacha iliyobaki nusu, akasema ni hewa tu, aliijaza kwingine, tumwongezee, anakwenda mita 60 katika pango la Eagle's Nest. Nilikwisha kushika mpira. Mzee akasema kutoka ndani, "Kijana, pima kwanza kilichobaki."

Nilikiacha kipimo cha oksijeni kinuse hewa ya nje mpaka kikasoma 20.9, nikakigeuzia mtungi. Kikapanda hadi 50. Mteja akasema kifaa kibovu. Mzee akaleta cha pili, nacho kikasema 50. Kama tungeongeza hewa tu, angeondoka na asilimia 35 hivi, na kwenye mita 60 presha ya oksijeni ingekuwa karibu 2.5 bar. Yule bwana alikaa kwenye ngazi ya mlango kwa muda mrefu, hasemi na mtu.

Tangu siku ile hakuna mtungi uliotoka dukani mteja mwenyewe hajaupima. Alishika kipimo yeye, akaandika kwenye tepu kwa mkono wake: asilimia, kina cha mwisho, tarehe, jina. Vipimo vya heliamu maduka kama letu hayakuwa navyo, kwa hiyo usomaji wa oksijeni na uangalifu wa mjazaji ndivyo vilivyokuwa kinga pekee.

Leo naitroksi inajazwa Zanzibar, na wanaoijaza ni vijana wetu. Wanangu, msimkabidhi mtu mtungi kabla hajaupima mwenyewe mbele yenu na kuandika jina lake. Akikataa, mrudishieni pesa zake aende.