Mtoto akiuliza kwa nini

Tanga

Mpwa wangu mpendwa,

Mkaza mjomba wako anakusalimu na anauliza kama unakula, maana kwenye picha ulizomtumia mama yako anakuona umepungua. Mimi nimefurahi kusikia umeanza kufundisha tuisheni hapo mtaani wakati ukisubiri ajira. Usiione kazi ndogo. Sisi tuliofundisha madarasa yaliyojaa hadi mlangoni tulitamani sana kukaa na mtoto mmoja, saa nzima, tumsikilize anavyofikiri. Wewe unalipwa kwa hilo.

Katika barua yako kuna jambo moja halikunipendeza, na nitakwambia waziwazi kwa kuwa wewe ni wangu. Umesema yule kijana wa darasa la sita anakusumbua kwa maswali. Aliandika "watu wasita", ukamsahihisha, akauliza mbona tunasema watu watano na watu wanane, hiyo sita ina nini? Nawe ukamjibu kwamba ndiyo kanuni, aandike muendelee. Mpwa wangu, swali hilo lina jibu, na jibu lake lina faida kuliko zoezi lote mlilokuwa mkilifanya siku ile.

Utakaporudi kwao, mwambie aorodheshe watu kuanzia mmoja hadi kumi. Ataandika mtu mmoja, watu wawili, watatu, wanne, watano, halafu watu sita, watu saba, watu wanane, watu tisa, watu kumi. Usiseme kitu. Mwache atazame ukurasa mpaka aone mwenyewe kwamba sita, saba na tisa zimekataa kiambishi, na kwamba nane, iliyobanwa katikati yake, imekipokea. Akishaona hivyo ndipo umwambie kwamba hizo tatu zimetoka Kiarabu, na zile zinazobadilika ni za Kibantu, tulizozaliwa nazo. Wahenga wetu walizipokea zile tatu jinsi zilivyokuja, hawakuzipa viambishi. Akitaka kuhakikisha, ajaribu mia na elfu, nazo za Kiarabu, na laki iliyotoka Bara Hindi. Zote zitakataa.

Kama ni mwerevu kama ninavyomdhania, atakukamata kwenye kumi. Kumi si la Kiarabu, mbona nalo halibadiliki? Hapo usibabaike. Kumi ni jina, lina wingi wake, ndiyo maana tunasema makumi ya watu. Hatusemi matano ya watu.

Kisha atauliza kabla ya hizo za Kiarabu tulikuwa tunahesabuje. Hilo ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake liko huku kwetu, mtu hahitaji kwenda maktaba. Mzee wa Kizigua kule Handeni au wa Kisambaa kule Lushoto akihesabu kwa lugha yake, baada ya tano husema mtandatu, mfungate, mnane, kenda. Ukivuka hadi Rwanda na Burundi utasikia gatandatu. Kenda tunalo bado kwenye Kiswahili, ila limebaki kwenye mashairi na vinywani mwa wazee. Na fungate je? Mwulize kijana kama amewahi kuhudhuria harusi ya Kiswahili. Zile siku saba ambazo bibi na bwana harusi hukaa ndani wakihudumiwa, tunaziitaje? Ameisikia namba hiyo tangu utotoni na hakuna aliyemwambia kwamba ni namba.

Yote hayo hayatakula zaidi ya robo saa. Na ukimrudia baada ya mwezi hutakuta "watu wasita" tena kwenye daftari lake, wala hutakuwa na haja ya kumkaririsha. Lile kosa mwekee alama ya kosa, kwa kuwa msahihishaji wa mtihani hatamhurumia, lakini mwambie pia kwamba ni kosa la mtu aliyekwisha kuielewa kanuni ya upatanisho akaipeleka mahali ambapo haikufika. Mtoto anayekosea hivyo usimweke kundi moja na anayekosea kwa kubahatisha. Ukisoma daftari, tafuta makosa ya namna hiyo kwanza. Yatakuonyesha kichwa cha mtoto kinafanya kazi gani.

Nakuomba usikomee kwenye namba. Siku nyingine mwonyeshe upande wa pili, maneno ya kigeni ambayo lugha iliyakaribisha mpaka ndani. Waarabu wana kitab moja na kutub nyingi. Sisi tulisikia "ki" mwanzoni mwa neno, tukaliweka pamoja na kiti na kisu, tukapata vitabu. Mu'allim wao akawa mwalimu wetu, na wingi wake walimu, sawa na mkulima na wakulima. Waraka ulikutana na wimbo na wembe, na kwa kuwa tunasema nyimbo na nyembe, tukapata nyaraka, wingi ambao Mwarabu hawezi kuutambua. Hata Kiingereza hakikuachwa: kilabu, vilabu. Lakini kalamu haikuanza kwa sauti inayofanana na kiambishi cha namna hiyo, basi ikabaki kalamu, moja au mia. Mpe kijana wiki moja akutafutie mengine nyumbani na dukani. Asipokuletea kiberiti utakuwa umemwonea bure kumwita msumbufu.

Sasa nikuonye juu ya kinyume chake, maana mwalimu anayependa asili za maneno huwa na kishawishi kikubwa cha kutunga. Utakutana na watu watakaokwambia kwamba Kiswahili ni "siwa hili", yaani kisiwa hiki, na kwamba Unguja ni "ungu jaa", chungu kilichojaa. Ni hadithi tamu na watoto huzipenda. Zisimulie kama hadithi. Lakini mtoto akikuuliza jina Swahili limetoka wapi, mpe kinachoshikika: sawahil ni neno la Kiarabu, wingi wa sahil, yaani pwani, na Ibn Battuta aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331 alilitaja jina hilo katika habari za safari yake. Ukitaka kuipima asili yoyote ya neno, tafuta liliandikwa wapi zamani, angalia kama sauti zake zimebadilika kwa njia ileile zilivyobadilika kwenye maneno mengine, na uone kama maana zinapelekana. Neno likifanana na jingine kwa sikio tu, hiyo haitoshi. Mtoto aliyezoeshwa kuuliza ushahidi juu ya neno moja ataulizia ushahidi kwenye historia na kwenye sayansi, na baadaye kwenye maneno ya wanasiasa, na huyo ndiye raia ninayetaka tumlee.

Pale ambapo hujui, mwambie mtakwenda kutafuta pamoja. Halafu mtafute kweli. Watoto hukumbuka ahadi za walimu kuliko masomo yao.

Kuna kichekesho kimoja cha kalenda ambacho naona kitamfurahisha mwanafunzi wako yule mdogo wa darasa la tatu, kwa hiyo nakiweka hapa kabla sijasahau. Shuleni anaambiwa wiki inaanza Jumatatu, ilhali ndani ya jina lenyewe mna tatu. Mweleze kwamba sisi huhesabu siku kuanzia ile inayofuata Ijumaa: Jumamosi ni ya kwanza, mosi, Jumapili ya pili, hivyo hivyo mpaka Jumatano, ya tano. Kesho yake ni Alhamisi, nalo ni la Kiarabu lenye maana ya siku ya tano, kwa kuwa Waarabu wao huanza kuhesabu Jumapili. Basi kila wiki tuna siku za tano mbili, zimefuatana, na hakuna aliyewahi kugongana nazo.

Nirudi kwenye uzito. Yule binti ambaye mama yake ni wa Mombasa, unayesema anaandika "ndia" badala ya njia na kwamba umemkataza asizungumze "Kiswahili kibovu": hilo liache leo hii. Soma kidogo historia ya hiki tunachokiita sanifu. Mmisionari Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 alijifunza na kuandika Kimvita, na Steere, mmisionari pia, aliyekuja Unguja miaka ya 1860 akaandika Kiunguja, kila mmoja lugha ya mji alioukuta. Mwaka 1928 wakubwa wa serikali za kikoloni walikutana Mombasa wakaamua Kiunguja ndicho kiwe msingi wa vitabu vya shule, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia jambo hilo kwa Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Uamuzi ule umetufaa sana, sina ugomvi nao. Bila huo wewe na mwenzako wa Kisumu msingesoma kamusi moja. Lakini ulikuwa uamuzi wa mkutano. Haukusema kwamba mama wa yule binti anakosea.

Mwonyeshe kwamba lugha ya mama yake ina utaratibu. Pale Unguja wanaposema njia, njoo, njaa, Mombasa na Lamu utasikia ndia, ndoo, ndaa. Mwekee maneno hayo katika safu mbili, aone mwenyewe. Mtihani unataka safu ya Unguja, aijue barabara, na nyumbani aongee na mama yake na bibi yake kama wanavyoongea. Atakuwa na Kiswahili mara mbili ya chako. Nimewaona watoto wengi walionyamazishwa kwa lafudhi zao wakiwa wadogo, wakakaa kimya darasani mpaka wakamaliza shule, na hakuna alama ya mtihani inayofidia hilo.

Najua wazazi wanaokulipa wanataka alama. Wana haki, mtihani wa kumaliza elimu ya msingi si mchezo, na wewe ukipuuza karatasi za mitihani iliyopita utakuwa umewadhulumu. Fanyeni karatasi hizo. Ila zije baada ya kuelewa. Chukua usanisinuru, neno ambalo kila mtoto wa sayansi amelikariri. Ukiwauliza ni nini, watakwambia "ni kitendo cha mmea kujitengenezea chakula", wameshusha pumzi wamemaliza. Waulize ndani ya neno hilo wanaona nini. Mara nyingi hakuna anayeona nuru mpaka umfunikie herufi za mwanzo kwa kidole. Akishaiona nuru hawezi tena kusahau kwamba bila mwanga kazi ile haifanyiki, na swali la mtihani linalosema mmea uliofungiwa kabatini utapatwa na nini halitamshinda. Mwakani au mwaka wa pili atakwenda sekondari, karibu masomo yote yatageuka Kiingereza, na atakachovuka nacho ni kile alichokielewa kwa Kiswahili. Yale ya kukariri huishia mlangoni.

Kuhusu ada, elewana na mzazi mwanzoni mwa mwezi, ana kwa ana au kwa simu, na usimtume mtoto kudai. Mtoto akishajua kwamba mama yake anadaiwa na mwalimu, hatakuuliza tena swali lolote. Anayeshindwa kulipa mwezi mmoja mvumilie. Anayekwepa kila mwezi mwambie kwa heshima kwamba utasimama, kisha usimame kweli.

Nimekufungia kamusi yangu ya Frederick Johnson, ile ya 1939. Imechakaa mgongo na Kiingereza chake ni cha kizamani, lakini maneno mengi yaliyotoka nje huonyesha yalikotoka, na hilo ndilo utakalolihitaji kwa yule kijana. Nampa jirani anayesafiri Jumamosi, ukaipokee stendi ya Mbezi. Atakupigia simu akifika Kibaha. Usiikopeshe kwa mtu.

Na kijana mpelekee swali hili kutoka kwangu, mwambie limetoka kwa mjomba wako, mwalimu wa Tanga. Tunasema mbuzi wangu, ng'ombe wangu, paka wangu. Kwa nini basi tunasema rafiki yangu, ndugu yangu, mama yangu, na wakiwa wengi tunasema rafiki zangu na ndugu zangu? Mpe muda wa kutosha, usimsaidie, aandike majina mengi ya watu na wanyama kadiri awezavyo kabla hajajibu. Atakachokiandika nitumie picha yake kwa simu ya mama yako, nikisome kwa maandishi yake mwenyewe.

Wasalaam,
Mjomba wako