Spoku Arobaini

Nilifika kwa fundi mmoja wa Mvara na fremu ya baiskeli ya mbio, nyepesi kabisa. Nilitaka rimu nyembamba na giya.

Mzee akauliza, "Unaenda nayo wapi, mwanangu?"

"Rhino Camp, kuona vijana wangu."

"Na nyuma utabeba nani?"

Nikanyamaza. Mwezi uliopita kijana wetu mmoja aliugua malaria, nikamtembeza kwa miguu hadi kituo cha afya. Alianguka mara mbili.

Mzee akanihesabia gurudumu za baiskeli nyeusi ya mizigo: spoku 32 mbele, 40 nyuma, kwa sababu uzito unakaa nyuma. "Ikikatika moja huko, sokoni utapata nyingine. Giya ikivunjika utaipata wapi?"

Tukajaribu tairi nene kwenye fremu yangu. Likakataa kupita kwenye uma. Basi nikaiacha kwake, nikaongeza pesa, nikachukua fremu ya chuma, giya moja, breki za fimbo na keria pana.

Ni nzito, kwenye kilima nashuka nasukuma. Lakini juzi nilipakia mgonjwa, na hakuanguka.