Mtagata na goti la Mama

Jumatatu, 14 Julai
Nkwenda, safarini kwenda Mtagata. Baridi ya huku! Mama kajifunga vitenge viwili na bado anatetemeka. Nilikuwa natafuta mafuta ya kumchua goti, nikavikuta vidonge vyake vya presha chini kabisa ya mkoba. Havijaguswa. Nimevirudisha, nimenyamaza. Usingizi hauji.

Jumanne, 15 Julai
Mtagata, chemchemi ya maji moto, hatimaye! Kushuka ndiko kazi, kila jiwe Mama ananishika bega. Halafu mvuke ule. Akatanguliza kisigino, akakiondoa haraka, akarudisha. Kifundo. Goti. Mwisho kakaa chini kabisa, kitenge kinaelea, kafumba macho. Sijauona uso wake umelegea hivyo tangu mwaka jana.
Kando yake bibi mmoja kutoka ng'ambo, Uganda. Yeye Kinyankole, Mama Kinyambo, wanaelewana bila taabu. Mama akafungua pindo la kitenge, akampa kahawa ya kutafuna. Wakacheka kama waliokulia boma moja.

Jumatano, 16 Julai
Amepanda kilima bila kunishika. Bila kunishika! Nilitaka kulia.
Mpelelezi Stanley alifika hapa 1876, mgeni wa Rumanyika, Mukama (mfalme) wa Karagwe, akawakuta wagonjwa wakioga. Kabla yake, mpelelezi Grant mguu ulimlaza Karagwe hadi mwenzake Speke akaondoka bila yeye, Januari 1862. Nawafikiria hasa wale wagonjwa ambao majina yao hayakuandikwa. Walibebwa na nani? Nani alikesha nao? Zama zile walikuwa na maji haya, si vidonge. Mama anavyo vidonge.
Kichwa kinamuuma tangu jioni. Anasema jua.

Alhamisi, 17 Julai
Nimesema. Nilimpigia magoti kabisa: "Mama, maji ni ya goti. Presha ina dawa yake."
Kimya. Akaangalia nje, watu wanaanua kahawa kwenye mikeka.
"Mama yangu alipona hapa bila kidonge."
"Goti, Mama. Alipona goti."
Kimya tena, kirefu. Kisha: "Nipe na maji ya kunywa." Kameza kimoja mbele yangu, kakunja uso, kanigeuzia mgongo.
Kanuna, na anune. Kesho nitamwambia tena, na keshokutwa. Mtagata nitamleta kila atakapotaka, hata kwa kumbeba, mradi ameze. Bado namhitaji mno.