Ngomeni: Pwani iliyochungulia nyota zilizolipuka

UKIFIKA Malindi usiishie kula samaki na kuogelea. Panda matatu iendayo kaskazini, ushuke Gongoni, kisha uingie njia ya Ngomeni. Utapita mashamba ya chumvi yanayometameta juani, halafu mikoko, na mwishowe bahari. Tupa macho mbali. Yale majukwaa ya chuma majini yalisimikwa na Waitaliano miaka ya 1960.

Mwanangu wa miaka 11, ambaye huniambia sayansi ni mambo ya Wazungu, aliuliza, "Mama, hiyo ni meli iliyokwama?"

La hasha! Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikisherehekea miaka 7 ya kujitawala, roketi iliruka kutoka hapo ikibeba setilaiti ya Marekani. Kwa heshima ya siku hiyo iliitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kutumwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani.

Kwa nini hapa? Karibu na ikweta, dunia hujizungusha kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa, na kasi hiyo huisaidia roketi. Tena mashariki ni bahari tupu.

Nyota kubwa inapoishiwa na nishati, kiini chake huporomoka, nayo hulipuka. Mwaka 1054 Wachina waliiona moja mchana kweupe kwa siku 23. Masalio yake yangali yakitoa eksirei, lakini hewa yetu huizuia isitufikie. Ndiyo maana Uhuru ilipanda juu. Iliorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo, yakiwemo masalio ya nyota kama hizo. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Tukirudi, tulisimama kando ya mashamba ya chumvi. Nikamweleza kwamba sodiamu na klorini zilizomo ndani ya chumvi zilipikwa, kwa sehemu kubwa, ndani ya nyota kubwa, zikatawanywa zilipolipuka kabla ya jua letu kuzaliwa.

Akachovya kidole, akalamba. "Kumbe nyota tunazila kila siku!"

Tangu hapo sijamsikia tena akisema sayansi ni ya wenyewe. Likizo ijayo, nawe wapeleke wanao. Tembea uone, walinena wahenga.